Nimepewa cheo, lakini siwezi kusimama mbele ya watu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nimeolewa na nina watoto wawili. Ninafanya kazi katika maabara ya kupima ubora wa maji, kazi ambayo naipenda na, bila kujisifu, naimudu. Shida yangu ni kwamba siwezi kuzungumza mbele ya watu. Sisemi kwamba sipendi kuzungumza. Nasema kwamba mwili wangu hunikatalia.

Nitakupa mfano mmoja ili unielewe. Semina nyingi huanza kwa kila mtu kujitambulisha. Wenzangu wakiwa wanajitambulisha, mimi huwa siwasikilizi, bali nahesabu viti vilivyobaki kabla ya zamu kunifikia. Vikibaki vinne, viganja vyangu vinalowa jasho. Vikibaki viwili, moyo unadunda kiasi kwamba nadhani jirani yangu anausikia. Na nikifikiwa, nalitaja jina langu kwa sauti nyembamba ambayo si yangu, kisha nakaa bila kukumbuka jina la hata mmoja wa waliotangulia. Mara nyingine nainuka mapema nikaenda msalani, nikarudi utambulisho ukiwa umekwisha.

Kwa miaka mingi nimeyapanga maisha yangu ili jambo hili lisijulikane. Ripoti za kitengo naziandika mimi, lakini kikaoni huziwasilisha mwenzangu. Kwenye mikutano ya wazazi shuleni anaongea mume wangu, hata pale hoja inapokuwa yangu. Watu wananiona mtu mpole na mkimya, na nimewaacha waamini hivyo.

Sasa mkuu wa kitengo chetu anastaafu baada ya miezi minne, na meneja ameniita akaniambia kwamba nafasi hiyo wanataka niichukue mimi. Kazi yenyewe naifahamu vizuri, isipokuwa kila mwezi mkuu wa kitengo husimama mbele ya kikao cha watu wapatao kumi na tano kueleza matokeo ya vipimo na kujibu maswali. Nimepewa hadi mwisho wa mwezi huu kutoa jibu.

Kila niliyemweleza ana lake. Mume wangu anasema niingie tu, nitazoea nikiwa ndani. Rafiki yangu wa karibu ananiambia kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, kwa hiyo nisijitafutie aibu ilhali nina kazi yangu ya amani. Mwenzangu mmoja amenidokeza kwamba kuna vidonge vya moyo ambavyo yeye humeza kabla ya kuhutubia, na akasema anaweza kunigawia. Mimi mwenyewe nimekuwa nikifikiria kumwomba meneja anipe mwaka mmoja, nisome vitabu na kuhudhuria mafunzo, ili nikishajiamini ndipo nikubali.

Nadhani najua chanzo chake. Nilipokuwa na umri wa miaka 12 nilisahau shairi katikati mbele ya shule nzima, watu wakacheka, nami nikashuka jukwaani nikilia. Lakini kukijua chanzo hakujanisaidia kitu. Kinachoniuma zaidi ni kumwona mwenzangu akipongezwa kikaoni kwa uchambuzi nilioufanya mimi usiku kucha, huku mimi nikiwa nimekaa nyuma kabisa, kimya.

Shangazi, nikubali, nikatae, au niombe muda?

Mwenye Kusitasita

*

Marahaba, mwanangu.

Kwa kuwa mwisho wa mwezi haukungoji, nitaanza na jibu: kikubali cheo, ila usikubali kuingizwa ndani yake kwa siku moja. Una miezi minne kabla ya mkuu wako kustaafu, na muda huo una thamani kubwa kuliko ule mwaka unaotaka kuuomba. Sehemu kubwa ya barua hii itahusu namna ya kuutumia.

Kwanza nilitaka kujiridhisha kwamba cheo hicho kweli unakitaka, maana si kila anayekataa jambo gumu ni mwoga. Wapo watu wanaoridhika na kazi ya maabara na hawana hamu ya kuongoza kitengo, na kuwasukuma watu wa namna hiyo kwa jina la ujasiri ni kuwaonea. Huwa nawauliza wanaoniandikia swali moja tu: kama woga ungekuondoka usiku wa leo ukiwa usingizini, kesho asubuhi ungejibu nini? Wewe umekwisha kulijibu kabla sijakuuliza, pale uliposema kwamba kinakuuma kumwona mwenzako akipongezwa kwa uchambuzi wako. Asiyekitaka kitu haumwi kwa kukikosa.

Rafiki yako anakutakia mema, lakini methali yake ameileta mahali pasipo pake. Kunguru hukimbiza bawa lake kwa sababu jiwe lipo na anayelirusha yupo. Katika kikao chenu hakuna jiwe. Kuna watu kumi na tano, wengi wao wakiwaza kazi zilizowangoja mezani, ambao wanataka kujua kama maji yako salama au la. Ugumu ni kwamba mwili haulijui hilo. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hupiga kengele upesi kuliko fikra zinavyoweza kupima kama hatari ni ya kweli, homoni iitwayo adrenalini humiminwa katika damu, moyo huongeza kasi, viganja hutoka jasho, kinywa hukauka, na misuli iliyojiandaa kwa mbio hutetemeka kwa kukosa pa kukimbilia. Mwanafiziolojia wa Marekani Walter Cannon alilieleza jambo hili mwanzoni mwa karne ya 20, kwamba mnyama anapotishwa mwili wake hujiandaa ama kupigana ama kukimbia. Ndiyo maana hukumbuki majina ya waliotangulia katika utambulisho: akili yote imeelekezwa kwenye kitisho, na kitisho chenyewe ni zamu yako. Kwa hiyo unaposema mwili wako unakukatalia, ningependa uelewe kwamba mwili huo unafanya kazi yake sawasawa, isipokuwa umepewa taarifa isiyo sahihi. Taarifa hiyo inaweza kurekebishwa, na hairekebishwi kwa maneno.

Nataka tukae kidogo kwenye ile safari ya msalani, kwa sababu ndiyo kiini cha shida yako. Duru inakukaribia, unainuka, unapita nyuma ya viti, unaufungua mlango. Ukishaufunga tu, moyo unapunguza kasi, pumzi inarudi, mabega yanashuka. Nafuu hiyo ni ya kweli kabisa, nayo ndiyo inayokuponza. Ubongo wako unajifunza mambo mawili kwa mpigo: kwamba mle chumbani palikuwa na hatari, na kwamba umeokoka kwa sababu ulitoka. Safari nyingine kengele italia mapema zaidi na kwa sauti kubwa zaidi, kwa kuwa sasa ina ushahidi. Mwanasaikolojia Mowrer aliyachambua haya mwaka 1947, akaonyesha kwamba woga hupatikana kwa njia moja na hudumishwa kwa njia nyingine. Ulichekwa ukiwa na miaka 12, hapo ukaupata. Lakini kilichoutunza hadi leo si kicheko kile, ni nafuu uliyojipa tangu hapo kila ulipokwepa. Hii pia ndiyo sababu kukijua chanzo hakujakusaidia. Shairi lile limekwisha, na sitakuambia urudi kulichimba.

Hasara kubwa ya kukwepa ni ile usiyoiona. Kila unapotoka, unajinyima nafasi ya kushuhudia kile ambacho kingetokea kama ungebaki: ungelitaja jina lako, sauti ingetikisika kidogo, na duru ingehamia kwa jirani yako bila mtu yeyote kuliweka jambo hilo moyoni.

Sasa utaona kwa nini siungi mkono wazo la kusubiri mwaka. Mwaka huo, kama utaendelea kuandika ripoti zinazosomwa na mwingine, utakuwa mwaka mwingine wa mazoezi ya kukwepa, na utaumaliza ukiwa hodari zaidi katika jambo lile lile unalotaka kuliacha. Vitabu havina ubaya, na mafunzo hayana ubaya mradi ndani yake wewe mwenyewe unasimama na kusema. Lakini kujiamini unakokusubiri hakuhifadhiwi mahali fulani ili siku moja kuletwe kwako. Hutokana na kumbukumbu za kulifanya jambo ukiwa na woga na kuona matokeo yake, na kumbukumbu hizo kwa sasa huna.

Mume wako yu karibu zaidi na ukweli kuliko wote, kwa maana ni kweli kwamba mtu huzoea akiwa ndani. Alipokosea ni pale anapodhani kwamba kuingia ni kwa mruko mmoja. Mtu anayetupwa katika kile anachokiogopa, akazidiwa, akakimbia katikati, anaweza kutoka na woga mkubwa kuliko aliokuwa nao. Njia iliyothibitika ni ya hatua kwa hatua, na si mpya. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha habari za mtoto wa karibu miaka mitatu aliyeitwa Peter katika maandishi yake, ambaye alikuwa akimwogopa sungura. Hakumlazimisha amshike. Sungura alikuwa akiletwa chumbani akiwa ndani ya kizimba, mbali, wakati mtoto akiwa ametulia anakula chakula anachokipenda. Siku zilivyokwenda akasogezwa karibu zaidi, akatolewa kizimbani, hadi mtoto akawa anamgusa na kumpapasa kwa hiari yake. Miongo michache baadaye daktari Joseph Wolpe, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliipanga njia ya namna hiyo ikawa tiba kamili, akaieleza katika kitabu chake cha mwaka 1958: mgonjwa huorodhesha yale anayoyaogopa kuanzia dogo hadi kubwa, kisha hupandishwa ngazi hiyo kidogo kidogo. Wataalamu waliokuja baada yake wamebadilisha mengi katika maelezo ya kwa nini inafaa, lakini ngazi yenyewe imebaki.

Basi tuijenge ya kwako. Chukua karatasi uandike mazingira yote ya kuzungumza unayoyakwepa, hata yale unayoyaona madogo, na kila moja ulipe alama kutoka sifuri hadi mia kulingana na kiasi cha woga. Sikujui kwa karibu, kwa hiyo alama utazipanga wewe, lakini nadhani chini kabisa kutakuwa na kuuliza swali moja katika kikao kidogo cha kitengo chenu, mbele ya watu unaokunywa nao chai kila siku. Juu yake huenda kukawa na kumsomea mume wako ripoti ukiwa umesimama wima sebuleni, si umekaa kitandani. Kisha kujitambulisha mahali ambapo ungekimbia. Kisha kuzungumza wewe mwenyewe, kwa dakika moja, kwenye mkutano wa wazazi, huku mume wako akiwa ameahidi kutofungua mdomo. Huko juu zaidi kuna kuwaeleza wenzako wa maabara jedwali moja la matokeo, kisha kuwasilisha ukurasa mmoja wa ripoti ya mwezi kwenye kikao kikubwa huku mkuu wako wa sasa akiwasilisha kurasa nyingine, kisha nusu ya ripoti, kisha ripoti nzima yeye akiwa ameketi pembeni. Usianze na ngazi ya chini mno isiyokutisha hata kidogo, kwani hapo hujifunzi kitu; anza na ile inayokufanya useme, "Hii siipendi, lakini nitaiweza."

Kila ngazi ifanye zaidi ya mara moja, tena siku zikiwa karibu karibu. Kujaribu leo kisha kukaa miezi miwili ni kuupa woga muda wa kuhamia tena. Na kabla ya kila jaribio, keti uandike kwa sentensi mbili tatu kile hasa unachoamini kitatokea. Usiandike "itakuwa vibaya", kwa sababu hilo haliwezi kupimwa. Wewe ni mtu wa maabara, andika dhana kama unavyoandika dhana ya kipimo: "Sauti itakatika na nitashindwa kuendelea. Angalau watu watatu watacheka. Meneja ataniambia nikae." Ukimaliza, rudi kwenye karatasi hiyo siku hiyo hiyo, uandike kilichotokea. Jambo hili linaonekana dogo, lakini mimi naliona kuwa na uzito kuliko ngazi yenyewe, kwa sababu mtu mwenye woga ana tabia ya kulisahau jaribio lililofaulu na kusema kwamba siku ile alibahatika. Karatasi haisahau. Na baadhi ya siku utakuta dhana yako imetimia, kwamba sauti ilikatika kweli. Hapo angalia kilichofuata: je, ulishindwa kuendelea, au ulinyamaza kidogo, ukameza mate, ukaendelea?

Nikuonye kuhusu jambo moja ambalo huwaangusha wengi wanaodhani wameanza kuukabili woga wao. Mtu anakubali kusimama, lakini anasimama na kinga zake: anaisoma karatasi neno kwa neno bila kuinua macho, anaongea haraka ili amalize, anabana karatasi kwa mikono miwili isionekane ikitetemeka, anajaza maandishi ukutani ili watu wasome badala ya kumtazama, au anakariri kila sentensi kiasi kwamba akilikosa neno moja ameyakosa yote. Akimaliza salama, sifa zote zinakwenda kwa kinga, na woga unabaki pale pale. Zaidi ya hayo, kinga nyingine huleta lile lile linaloogopwa, kwa sababu anayeongea haraka huishiwa pumzi na karatasi inayobanwa sana hutetemeka zaidi. Usizivue zote kwa pamoja. Katika kila jaribio acha moja: leo weka karatasi mezani, siku nyingine inua macho kila mwisho wa aya, siku nyingine kaa kimya kwa muda wa pumzi moja kati ya hoja na hoja. Kariri sentensi yako ya kwanza peke yake, kwa sababu mwanzoni ndipo woga huwa juu kabisa. Baada ya hapo zungumza kutoka kwenye matokeo unayoyafahamu.

Kuhusu hofu kwamba kila mtu anauona mtetemeko wako, nina habari njema. Mwaka 2003 watafiti Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa watu wanaohutubia, wakaona kwamba wazungumzaji walijidhania kuonekana wenye wasiwasi kuliko walivyoonekana kwa waliokuwa wakiwasikiliza. Kilichonivutia zaidi ni sehemu ya pili: wale walioelezwa jambo hilo kabla ya kuhutubia walizungumza vizuri zaidi kuliko ambao hawakuelezwa. Sasa umeelezwa. Moyo unaoudhani unasikika na jirani unausikia wewe peke yako, kwa kuwa wewe ndiwe uliye ndani yake. Na hata wakiliona jasho, mtu anayetoka jasho huku akiwaeleza kwamba kipimo cha kisima fulani kimezidi kiwango kinachoruhusiwa atasikilizwa kwa ajili ya kipimo.

Siku yenyewe ikifika, usipoteze nguvu kujiamuru utulie. Mwili uliokwisha kupanda hautelemki kwa amri, na kupigana nao kunaongeza kitu cha pili cha kuogopa. Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha mwaka 2014 majaribio yaliyoonyesha kwamba waliojiambia kwamba wana hamasa kabla ya kuhutubia walifanya vizuri kuliko waliojiambia kwamba wametulia, kwa kuwa hamasa na wasiwasi mwilini hufanana, ila moja humvuta mtu mbele. Unaweza kulijaribu hilo. Kwa wengine linafaa sana, kwa wengine kidogo. Mimi naona linalofaa zaidi ni kuhamisha macho yako ya ndani. Mwenye woga hujitazama mwenyewe muda wote, anasikiliza sauti yake, anapima mikono yake. Mtazame mtu mmoja aliyeketi mbele yako, ujiulize kama amelielewa jedwali. Ukiulizwa swali usilolijua, jibu lake ni fupi na halina aibu ndani yake: "Takwimu hiyo sinayo hapa, nitakuletea kabla ya saa za kazi kuisha." Wakuu wa vitengo wazoefu hulitumia mara kwa mara, na hakuna anayewadharau.

Woga huu hautakwenda ukipungua kwa mstari ulionyooka. Utafanya vizuri wiki tatu, kisha siku moja, labda ukiwa umechoka au chumba ni kipya, utetemeke kama zamani. Mwanafiziolojia wa Urusi Ivan Pavlov alilishuhudia hilo kwa mbwa wake: itikio lililokuwa limezimwa lilijitokeza tena baada ya mapumziko. Kinachojengwa kwa mazoezi hakifuti kilichokuwapo, bali hukaa juu yake, na mara chache kile cha chini huchungulia. Siku hiyo usiseme umerudi mwanzo. Shuka ngazi moja, uirudie, uendelee.

Vidonge vya mwenzako usivipokee. Yaelekea anazungumzia dawa za jamii ya propranolol, ambazo madaktari huwaandikia baadhi ya watu kwa ajili ya mapigo ya moyo na mtetemeko, na si kwamba hazifai kitu. Lakini zinaweza kumdhuru vibaya mwenye pumu, na huteremsha shinikizo la damu na mapigo ya moyo, kwa hiyo anayestahili kuamua ni daktari aliyekupima. Hata ukiandikiwa kihalali, zitakuwa kinga kama zile nilizozitaja, na itakubidi uone namna ya kuziacha. Kama ukijaribu ngazi za chini ukakuta unakosa usingizi siku nyingi, unapatwa na kihoro cha ghafla hadi unadhani unakufa, au woga umeanza kukuzuia hata kutoka nyumbani, basi usijikaze peke yako. Tafuta mwanasaikolojia anayetumia tiba ya fikra na mienendo, ambaye atakupandisha ngazi hii hii akiwa kando yako. Hiyo ni tiba inayojulikana kusaidia watu wenye woga kama wako.

Mume wako mpe kazi. Amekuwa msemaji wako kwa mapenzi, wala sidhani kama ameelewa kwamba kila anapokuongelea anakunyima zoezi. Mwonyeshe karatasi ya ngazi, mwombe awe msikilizaji wa kwanza, na mkubaliane kwamba ukikwama hatakumalizia sentensi.

Yule mwenzako anayewasilisha ripoti zako naye anastahili kuambiwa mapema, kabla hajasikia kikaoni. Sina hakika kutokana na barua yako kama amekuwa akikufanyia hisani au amekuwa akifaidi, na huenda ni yote mawili. Mshukuru, umweleze kwamba kuanzia mwezi ujao utaanza kuchukua sehemu yako mwenyewe.

Kwa meneja, huhitaji kueleza habari za shairi wala za msalani. Andika kwamba unashukuru na umekubali, na kwamba ungependa makabidhiano yafanyike kwa hatua katika miezi hii minne: mwezi wa kwanza uwasilishe sehemu moja ya ripoti, wa pili na wa tatu uongeze, na wa nne uiwasilishe yote mkuu wa sasa akiwa bado yupo. Akikuuliza sababu, mwambie ukweli mfupi, kwamba kuwasilisha mbele ya kikao ndilo eneo ambalo bado hujalizoea na unataka kulijenga kabla hujabaki peke yako. Meneja mwenye akili hataona udhaifu hapo. Ataona mtu anayeijua kazi anayoiomba na kasoro anayoishughulikia. Barua hiyo itume wiki hii, usingoje siku ya mwisho, kwa sababu siku zitakazobaki katikati utazitumia kutunga sababu za kukataa. Ukishaituma, mwendee mkuu wako mkae muipitie ripoti ya mwezi ujao, uchague humo jedwali moja unalolifahamu kuliko mtu mwingine yeyote, umwambie kwamba hilo utaliwasilisha wewe.

Shangazi